Nepi za Nyumba Isiyo na Mtoto

Siku Joha alipokataa kusimama, ubaoni kulikuwa na hesabu ya pipa. Pipa lina bomba la kuingizia maji na tundu linalovuja. Bomba peke yake hulijaza pipa kwa saa tatu. Tundu peke yake hulikausha kwa saa sita. Vyote viwili vikiachwa wazi, pipa litajaa baada ya saa ngapi? Darasa la saba zima lililitazama pipa lile kama ng'ombe wanavyotazama treni. Mtoto mmoja tu ndiye aliyekuwa na jibu, na kila mtu alijua ni nani.

"Joha, pita mbele," alisema Mwalimu Melkizedek, mkuu wa shule.

Joha alibaki amekaa.

"Joha Mwishehe! Nimesema pita mbele."

"Sijui, mwalimu."

Hakuna aliyemwamini. Hata mbuzi wa shule waliokuwa wakitafuna nyasi nje walijua kwamba Joha anajua. Mwalimu Melkizedek alikuwa mtu mwembamba, kaptula yake ikipigwa pasi hadi mikunjo ingeweza kumenya muhogo, na jambo lililomuudhi kuliko yote duniani ni mtoto mwenye akili anayejifanya mjinga. Akamfuata palepale dawatini na fimbo ya mpera. Joha akanyoosha viganja. Alichapwa, hakulia, hakuinuka. Alizipokea fimbo zile kama mtu aliyekuwa akiogopa kitu kibaya zaidi, akashukuru kwamba ni fimbo tu.

Mwalimu Raheli aliyaona yote hayo akiwa darasa la jirani, kwa sababu shule ilijengwa kwa nguvu za wananchi, na saruji ya ukuta wa katikati iliishia usawa wa kifua. Alikuwa akiwafundisha wadogo kusoma, lakini macho yake yalivuka ukuta. Aliona viganja vya msichana vimenyooshwa, na chini ya dawati aliona magoti yamebanwa kwa nguvu hadi yanatetemeka. Akaelewa.

Kengele ilipolia watoto walitoka mbio. Joha alibaki. Raheli akaingia na khanga yake ya akiba, akamfunga kiunoni bila kusema neno, akampeleka nyumbani kwake nyuma ya shule, akamtengea maji. Alichokikuta kilimfanya akae chini kwenye kinu. Mtoto alikuwa amejifunga kipande cha gunia la katani, kwa uzi wa katani hiyohiyo. Mapaja yalikuwa yamechubuka kama magoti ya mtu aliyeanguka na baiskeli.

"Tangu lini, Joha?"

"Tangu masika, mwalimu."

"Na bibi yako hajui?"

Hapo ndipo Joha alipolia. Alimshika Raheli upindo wa gauni. "Usimwambie, mwalimu! Nitawekwa ndani. Mtihani utanikuta ndani."

Raheli alikuwa mtu wa milimani, mtoto wa katekista wa Mamboya. Kwao, msichana akivunja ungo, wamama wa kanisa humketisha siku mbili tatu, wakamwonya, wakamwombea, akarudi shule. Huku bondeni haikuwa hivyo. Huku msichana akivunja ungo ni mwali, na mwali huwekwa ndani ya nyumba, asionekane na jua wala mwanamume, hadi mavuno yaje, achezwe ngoma, atolewe akiwa amepakwa mafuta na kung'aa. Na akishatolewa, mahari huwa imekwisha tangulia mlangoni. Kwa hiyo wasichana wa darasa la saba walikuwa na njama yao moja: shuleni walikuwa wakubwa, nyumbani walikuwa bado watoto. Waliificha damu kama watu wanavyoficha sukari wakati wa uhaba.

Na Joha, kuliko wote, alikuwa na cha kupoteza. Tangu shule ile ianze, hakuna msichana aliyewahi kuchaguliwa kwenda sekondari. Mwaka ule hata Mwalimu Melkizedek, ambaye husifu kwa nadra kama mvua ya Agosti, alikuwa amesema mbele ya wazazi kwamba Joha atachaguliwa, na kama hakuchaguliwa yeye atakula chaki.

Jumatano iliyofuata, kipindi cha kazi za mikono, wavulana walipelekwa kupalilia pamba ya shule, na Raheli akawafungia wasichana wa darasa la saba darasani. Alikuwa na mifuko ya pamba ya unga wa njano, ule wa mwaka wa njaa ambao watu waliubatiza Yanga, akiwa ameichemsha hadi maandishi yakabaki kivuli. Alikuwa na vipande vya khanga kuukuu, vifungo vya mashati yaliyokufa, na sindano.

"Weka mguu wako juu ya kitambaa," alisema. "Chora unyayo kwa mkaa. Huo ndio mfano wako, wala huhitaji kuazima wa mtu."

Wakacheka, wakachora. Akawaonyesha kukata sodo kwa umbo la unyayo, kupanga vitambaa vya unga katikati tabaka juu ya tabaka, khanga upande wa nje, kushona mbawa mbili za kukunjia chini ya chupi na kifungo cha kuzibana. Asiye na chupi alionyeshwa kupitisha utepe kwenye kamba ya kiunoni.

"Ya moto usiguse kwanza," aliwaambia walipofika kwenye kufua. "Maji ya moto huipika damu, ikapikika haitoki. Loweka kwenye maji baridi na chumvi kidogo. Sabuni ikikosekana, na itakosekana, chuja maji ya majivu. Suuza hadi maji yawe kama ya kunywa. Usimwazime mwenzako, hata kama ni somo yako. Halafu, anika juani. Jua ndilo linaloua uchafu. Ukificha kitambaa kibichi kwenye makuti au chini ya kitanda, unavaa ugonjwa."

Kicheko kikafa.

"Juani, mwalimu?" aliuliza Regina, msichana mkubwa mwenye domo. "Si bora tuchukue tarumbeta tukatangaze?"

Swali lile lilikuwa na haki yake. Kijiji kilikuwa kipya kama kidonda. Mwaka uliotangulia, wakati wa Operesheni, watu waliokuwa wametawanyika kwenye mashamba yao njia nzima ya Msowero, huyu ndani ya migomba yake, yule nyuma ya kichuguu chake, walipakiwa kwenye malori pamoja na kuku na vinu, wakashushwa hapa kando ya shule ya zamani, wakaonyeshwa kamba ya kupimia. Nyumba zikafuata kamba, zimenyooka kama meno ya chanuo, ua ukitazama ua. Ukipiga chafya nyumba ya kwanza, nyumba ya mwisho wanakuambia pole. Ukipika mlenda, wa ng'ambo wanajua umezidisha magadi. Zamani kila mwanamke alikuwa na kichaka chake cha kuanikia mambo yake. Sasa kichaka cha kila mtu kilikuwa macho ya jirani.

Raheli alifikiri kidogo, akatabasamu. Tabasamu lile baadaye alilichukia kama mtu anavyochukia picha yake ya zamani.

"Nyumbani kwenu hakuna mtoto mchanga? Anikeni katikati ya nepi zake. Nani atahesabu nepi? Kitambaa cheupe kati ya vitambaa vyeupe!"

Darasa likalipuka kwa furaha. "Mwalimu una akili ya sungura!" alisema Regina. "Kwetu wako wawili wanaovaa nepi, na mama anaongeza wa tatu."

"Kuna nyumba isiyo na mtoto mchanga?" aliuliza Raheli.

"Nyumba isiyo na mtoto ni ya mapepo, mwalimu!"

Wakacheka tena, na katika kicheko kile Joha, aliyekaa nyuma, hakusema kitu. Mama yake alikufa kwa uzazi, baba yake aliingia mashamba ya katani ya Kimamba hakutoka tena. Aliishi na bibi yake mzaa mama, Bibi Mwanasha, wawili tu. Nani angetaka kuinua mkono na kusema kwetu ndiko kwenye mapepo?

Kabla hawajatoka walikula kiapo chao wenyewe, kila mmoja akigusa ulimi wake kwa ncha ya sindano: atakayesema, sindano hii imfuate ulimini.

Mwalimu Melkizedek, ambaye alijua bila kutaka kujua, aliwaambia wakubwa kwamba wasichana wanashona vishika sufuria. Akajuta. Mgeni mmoja kutoka wilayani alikuja kukagua kujitegemea, akaomba aone kishika sufuria kimoja, akapewa kipya kabisa, akakisifu. Akahutubia nusu saa jua la saa saba, na kila alipofika kwenye unyonyaji alikitoa mfukoni akajifuta jasho la paji la uso. Wasichana waliuma midomo hadi ikataka kutoka damu. Inasemekana Mwalimu Melkizedek alizeeka miaka mitano pale jukwaani, na kichwa kilichoingia na nywele nyeusi kilishuka na mvi.

Kicheko hicho ndicho kilikuwa cha mwisho.

Joha alikuwa mwanafunzi mtiifu. Hilo ndilo lililomponza. Alivyofundishwa ndivyo alivyofanya, nukta kwa nukta. Aliloweka, akachuja majivu, akasuuza hadi maji yakawa ya kunywa. Na kwa kuwa mwalimu alisema anikeni katikati ya nepi, naye hakuwa na nepi, akazitengeneza. Alikata mfuko wa unga wa Yanga vipande vya mraba, akavipinda kingo vizuri, akavianika kwenye kamba ya bibi yake, safu ya mbele nepi, safu ya nyuma sodo. Kila mwezi. Bibi Mwanasha hakuona kitu. Ukungu ulikuwa umeingia machoni mwake tangu wakiwa kwenye migomba yao. Hata jua alilijua kwa joto lake tu.

Lakini nyumba ya pili ilikuwa ya Binti Mfaume, mwanamke ambaye macho yake yangeweza kutoboa debe. Wiki moja kabla ya mtihani alikuja na kibakuli cha unga mkononi.

"Hodi, Bibi Mwanasha. Shikamoo. Hongera ya uzazi."

"Marahaba. Uzazi wa nani? Mimi mbegu zangu zilikwisha enzi za Mjerumani."

"Basi nepi zile za nani, zinapepea kama bendera za Saba Saba?"

"Nepi gani?"

"Bibi, kama mmejifungua si aibu, ni riziki. Ila hatujamsikia akilia."

Bibi Mwanasha alitoka hadi uani. Alinyoosha mkono hadi kwenye kamba, akapapasa. Kitambaa cha mraba. Kingine cha mraba. Vidole vyake vilipofika safu ya nyuma vikasimama, kisha vikarudi upesi, kama vilivyounguzwa. Akarudi ndani bila kuupokea unga.

Kufika adhuhuri, mtoto wa Joha alikuwa wa kiume. Kufika alasiri walikuwa mapacha. Magharibi ilipoingia mmoja wao alikuwa amezaliwa na meno, mwingine amezikwa chini ya mafiga, na kuna mtu mzima mwenye ndevu aliyeapa kwa msahafu kwamba akipita dirishani kwa Bibi Mwanasha husikia mtungi ukilia kwa njaa. Hakuna aliyejiuliza tumbo lilikuwa wapi miezi tisa. Ungo wa uvumi hauchambui pumba.

Balozi wa nyumba kumi, Mzee Mwinchande, aliitisha kikao kesho yake kwenye baraza ya ghala la kijiji. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na kanuni zenyewe alizijua nusunusu. Alisimama, akavaa kofia yake vizuri.

"Ndugu wananchi. Tumekutana kwa jambo la nepi."

Mtu akacheka. Mzee Mwinchande akamtazama hadi akanyamaza.

"Mtoto wa shule. Nyumba haina mtoto. Nepi zipo. Sasa mtoto yuko wapi? Kama yupo, mwanafunzi aliyezaa hana shule, hiyo ni amri si yangu. Kama hayupo..." Akatazama barabara ya Kilosa, kwenye polisi. Hakumaliza, na hakukuwa na haja.

Joha alikuwa amesimama mbele, mikono nyuma, sare yake imefuliwa. Wenzake walikuwa pembeni, wamebanana kama kuku wakati wa mwewe. Regina, yule mwenye domo, alikuwa ameufunika mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Sema, binti. Nepi za nani?"

Joha alitazama vidole vyake vya miguu.

"Nani alikupa?"

Joha aliinua macho yakamkuta Raheli, kisha akayashusha. Raheli akasoma kila kitu katika macho yale. Mtoto akisema ukweli, atasema yeye ni mkubwa. Na akisema hivyo, kijiji kizima kitakwenda kutazama kamba zote, na kila penye nepi patahesabiwa. Alikuwa akiwasitiri wote, kama siku ile alivyonyoosha viganja.

"Naomba tumpe muda, mzee," alisema Mwalimu Melkizedek. "Wiki ijayo ana mtihani."

"Mtihani ndio huu, mwalimu," alisema Mzee Mwinchande.

Raheli alitaka kusema. Lakini aseme nini? Akisema hakuna mtoto, ni damu tu, amemvunjia Joha ungo wake hadharani mbele ya wanaume, na kesho atawekwa ndani. Akinyamaza, Joha ni mzazi, na pengine muuaji. Milango yote miwili ilitokea nje ya shule. Alipita nyuma ya watu, akamwinamia Bibi Mwanasha aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, fimbo mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nilikuwa nakungoja."

Akamweleza sikioni. Katani, magoti, sindano, unyayo, jua, nepi. Akamwomba kwa jina la Mungu asiwataje wengine. Bibi kizee alisikiliza bila kutikisika.

"Vitambaa vile vyenye mbawa," alisema mwishoni. "Nilivipapasa. Vimeshonwa vizuri."

"Yeye ndiye aliyevishona, bibi."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

"Niliogopa utamweka ndani."

"Ningemweka." Akashika fimbo yake. "Wewe ulimfundisha kuficha, mwanangu. Sasa kaa uone kama kuficha kunamtoa pale."

Akainuka. Akatembea kwa kufuata sauti za watu hadi akamfikia mjukuu wake, akampapasa kichwa, akavua khanga yake ya juu na kumfunika gubigubi kuanzia utosini. Kisha Bibi Mwanasha, ambaye hakuna aliyekuwa na habari kwamba bado ana pumzi hiyo, akapiga kigelegele. Kigelegele kirefu, cha kike, cha zamani. Wanasema kunguru waliokuwa juu ya ghala waliruka wakaenda kutua Kilosa mjini.

Wanawake wote wakaelewa kwa pamoja: hapakuwa na mtoto, palikuwa na mwali. Wa pili akaitika, wa tatu, na Binti Mfaume, huku uso umemshuka kwa aibu, akapiga kikubwa kuliko wote. Wanaume wakatazama chini. Mzee Mwinchande akavua kofia, akaigeuzageuza mkononi. Mambo ya mwali si mambo ya mwanamume, wala hayana kikao. Akafunga mkutano bila kusema umefungwa. Aliondoka tu, na wengine wakamfuata wakijifanya wamekumbuka mbuzi wao.

Jina la Joha likasafishika pale pale mbele ya watu wote. Chini ya khanga, yeye mwenyewe alikuwa akilia kwa sauti ya mtoto mdogo, "Bibi, mtihani. Bibi, mtihani jamani," na wanawake, wakidhani ni kilio cha mwali kama ilivyo desturi, wakazidisha vigelegele. Wakampeleka nyumbani kwa nyimbo. Kamba ikabaki na nepi zake.

Raheli alikwenda kwa mkuu wa shule jioni ile.

"Afanyie mtihani ndani. Mimi nitamsimamia."

"Mtahiniwa hukaa chumba cha mtihani, Mwalimu Raheli. Unataka nifungwe?" Akawa anaitazama fimbo yake ya mpera iliyoegemea ukuta. "Siku ile ya pipa. Ndiyo maana hakusimama?"

"Ndiyo."

Mwalimu Melkizedek akaichukua fimbo, akaivunja gotini. Haikuvunjika vizuri, mpera ni mgumu. Ikabaki imening'inia kwa gamba, naye akaishika vile, hajui aiweke wapi.

Kesho yake Raheli alikwenda kwa Bibi Mwanasha na kitabu cha hesabu ndani ya kikapu, chini ya maboga. Mlangoni alikuwa amekaa Binti Mfaume, akitwanga.

"Nimekuja kumwona mwali."

Binti Mfaume aliacha mchi. Sauti yake haikuwa na dhihaka. Ilikuwa na huruma, na hiyo iliuma zaidi. "Mwalimu, wewe ulichezwa?"

"Kwetu hatuchezwi."

"Basi wewe bado msungo, mwalimu. Una watoto, una mshahara, lakini kwa mlango huu wewe ni mtoto. Msungo haingii kwa mwali. Maboga nitampelekea."

Nyuma ya mlango, gizani, kitu kilikwaruza ukuta mara moja, kama kucha. Raheli alingoja. Hakikurudia tena.

Siku ya mtihani Mwalimu Melkizedek alipanga madawati mwenyewe, na la Joha akaliweka mahali pake, akalifuta vumbi. Wasichana wengine waliingia, wamekaa wima, hakuna aliyebana magoti. Sodo zao zilikuwa zimekauka vizuri juani, kati ya nepi za wadogo zao. Regina aliandika kwa machozi hadi karatasi ikalowa. Hakuna aliyechaguliwa mwaka ule. Chaki hakuna aliyeidai.

Raheli hakuacha kufundisha. Lakini tangu hapo kila Jumatano, kabla ya sindano, aliwauliza mmoja mmoja, faragha, sikioni: kwenu mnakaa na nani? Na asiye na mdogo aliambiwa alete sodo zake zikauke uani kwa mwalimu. Kamba ya Raheli ikawa ndefu kuliko zote kijijini. Watu wakasema mwalimu wa milimani ana uchafu mwingi. Aliwaacha waseme.

Joha alitolewa baada ya mavuno. Aling'aa, walisema walioona. Akaolewa na mtu wa gengi la reli, wale watengenezaji wa njia, aliyekuwa na nyumba Mikumi.

Kiangazi cha mwaka mwingine, Raheli alipanda treni ya Kidatu kwenda semina. Mikumi treni ilisimama sana, kama kawaida yake. Wanasema iliwahi kusimama pale hadi tembo akaingia daraja la tatu akakosa nafasi. Raheli alichungulia dirishani. Kando ya reli kulikuwa na nyumba za gengi, na mbele ya moja kamba imejaa nepi nyeupe. Mwanamke kijana, mtoto mgongoni, alikuwa akizipanga safu mbili.

"Joha!"

Alikuja mbio hadi chini ya dirisha, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mtoto hajambo?"

"Hatujambo." Alikuwa amekonda. Aligeuka akaitazama kamba yake, na kwa mara ya kwanza Raheli aliona kitu kama utani wa zamani kwenye pembe ya mdomo wake. "Sasa ninazo nepi za kweli, mwalimu. Hakuna anayeuliza."

Raheli alinyoosha mkono akamgusa bega.

"Wake wa gengi wote nimewafundisha," alisema Joha. "Wanachora nyayo zao kwa mkaa. Mmoja ana vidole sita, sodo yake ina pembe." Akacheka kidogo, kicheko kikaisha. Treni ikapiga honi. Akashika ukingo wa dirisha. "Mwalimu. Mtihani ule. Uliuliza nini?"

"Joha..."

"Niambie moja tu."

"Lilitoka lile la pipa," alisema Raheli. "Bomba na tundu. Namba zilezile."

Mabehewa yakavutana kwa kishindo. Joha akaanza kutembea sambamba na dirisha, midomo ikicheza, macho yamepotea mbali, uso uleule wa darasani ambao siku ile haukusimama mbele ya ubao. Mtoto mgongoni alianza kulia.

"Saa sita," alisema. "Litajaa kwa saa sita, mwalimu. Tundu halilizuii, linalichelewesha."

"Ndiyo," alisema Raheli.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi, Joha."

Akaachia dirisha. Treni ikaongeza mwendo. Raheli alitoa kichwa nje, vumbi likamwingia machoni, akaona mwanamke yule akirudi kwenye kamba, akichukua kitambaa kilichoanguka, akikikung'uta, akikisuuza upya kwenye beseni.